Suruali za Kijiti

Mimi watu nawajua kwa viuno. Sura nasahau, majina nasahau, lakini nikikushonea suruali mara moja, ukirudi baada ya miaka nitakwambia umeongezeka wapi na umepungua wapi, na mara nyingi nitajua na sababu yake. Mtu anaweza kumdanganya bosi wake, akamdanganya na daktari, lakini utepe wa kupimia haumwonei mtu haya. Kwa hiyo nilipoona fundi mwenzangu anautumia ufundi huohuo kumficha mumewe habari za tumbo la huyohuyo mume, sikupenda, na nilimwambia sikupenda.

Tunashonea chumba kimoja, cherehani mbili zinatazamana. Yangu iko mlangoni kwa sababu macho yangu siku hizi yanadai mwanga kama mtoto anavyodai ziwa. Yake iko ukutani, karibu na meza ya pasi. Wateja wanamwita Bi Pindo, maana hakuna mtu anayekunja pindo kama yeye. Suruali yake ukiigeuza nje ndani hujui upande upi ndio wa kuvaliwa. Mimi ananiita dada. Mumewe ananiita shemeji, ingawa undugu wetu ni wa kumeza vumbi moja la nyuzi.

Huyo mumewe ni mlinzi wa benki iliyo mtaa wa pili. Anasimama mlangoni, anapekua mikoba, anawaambia watu wavue kofia na wazime simu. Walinzi wenzake walimpa jina la Kijiti tangu zamani, na jina lilimkaa. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba walisema upepo ukivuma wamfunge kwenye lango. Wembamba ule ulikuwa wa sigara. Asubuhi chai na sigara, mchana sigara na maji, jioni akila tonge mbili tatu anasukuma sahani na kutoka nje kuvuta. Mkewe alikuwa anamshonea suruali ndogo kama za kijana wa shule, na yeye alijivunia.

Kikohozi kiliingia kama mgeni wa kulala siku moja, kikaishia kuwa mwenye nyumba. Kijiti akaacha sigara, kisha akairudia. Akaacha tena, akairudia tena. Na mara zote mbili kilichomrudisha hakikuwa hamu ya moshi peke yake, kwa sababu hamu aliivumilia mpaka ikaanza kulegea. Kilichomrudisha ni tumbo. Mtu akiacha sigara mdomo unabaki hauna kazi, na mdomo usio na kazi unatafuta. Alikula mkate, akala biskuti, akala viazi vya baridi vilivyobaki kwenye sufuria. Baada ya muda akasimama chumbani asubuhi, zipu imegoma nusu ya njia, akamwambia mkewe kwamba kama kupona ndiko huku kugeuka pipa, basi afadhali afe na umbo lake. Siku hiyohiyo alinunua pakiti.

Aliporudia mara ya pili kikohozi kikamlaza. Aliwekewa oksijeni, na daktari akamwita Bi Pindo kwenye ukumbi wa hospitali akamwambia bila kuzungukazunguka kwamba mapafu ya mumewe yamechoka, yakiachwa yatapumzika, lakini akivuta tena asitegemee kumleta pale na kumrudisha nyumbani. Alikuja kunisimulia akiwa amesimama na mkoba begani, hakukaa. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama najua mtu aliyewahi kuacha mara tatu. Nikamwambia mara nyingine mtu huacha mara kumi. Sikuwa najua, nilisema tu.

Kijiti alipotoka hospitali aliacha mara ya tatu, na safari hii sote tuliomzunguka tulijua kwamba hakuna ya nne.

Watu wanadhani kuacha sigara ni jambo la siku moja, mtu anapiga moyo konde, anatupa kiberiti, amemaliza. Mazoea yana taabu. Niliyemwona mimi alikuwa mtu anayeacha sigara kila asubuhi upya, na kila jioni amechoka kama aliyebeba saruji. Akipita hapa kwetu akitoka kazini alikuwa anakaa kwenye benchi la wateja, mikono haijui ikae wapi, anachukua chaki yangu anaizungusha vidoleni kama sigara, anairudisha. Halafu anauliza kama kuna chochote cha kutafuna. Mkewe alikuwa amejiandaa: karanga, ndizi, mkate na siagi, chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Alimlisha kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi. Kila alipoona mkono unaelekea mfuko wa shati, alitia chakula ndani ya mkono huo.

Na kiuno kikaanza kusogea. Nilikiona kabla yake.

Sasa kwa asiyejua kazi yetu: suruali iliyoshonwa na fundi ina akiba. Pale nyuma, kwenye mshono unaoshuka kutoka kiunoni, fundi huacha kitambaa cha ziada kwa ndani, mwenye suruali akinenepa asitupe nguo. Unafumua kwa wembe, unashona upya pembeni kidogo, unapiga pasi, basi. Sare za walinzi wakati ule kampuni ilikuwa inatoa kitambaa tu, kila mmoja anashona kwa fundi wake, na Bi Pindo hakuwa bahili wa akiba kwa mumewe. Siku moja akaja na suruali za Kijiti ndani ya mfuko wa sabuni, zote ila ile aliyovaa, nayo ikafuata kesho yake. Akazipanua upana wa unyasi kila moja. Alizipanua zote kwa sababu moja ikibana na nyingine isibane, siri imekwisha. Akarudisha kifungo mahali pake, akatumia uzi uleule, akapiga pasi juu ya kitambaa chenye maji mpaka alama ikafa.

Nilimwuliza kama mwenye suruali anajua. Akasema mwenye suruali hatakiwi kujua. Nikamwambia, mficha maradhi kifo humuumbua.

"Kifo ndicho ninachokikimbia, dada," akasema, na wembe wake ukaendelea.

Basi ikawa hivyo. Kila baada ya muda mfuko wa sabuni unakuja, mchana Kijiti akiwa langoni benki na suruali moja, nyingine ziko mezani kwetu zimelala kifudifudi. Mashati nayo yakafumuliwa ubavuni. Mkanda wa ngozi ulikuwa tatizo, maana mkanda una matundu na matundu yanahesabika, kwa hiyo akauficha juu ya kabati na kumwambia mumewe umekatika, akatia mpira ndani ya kiuno cha suruali pande mbili. Uongo ni kama mtoto mdogo, hauwezi kwenda peke yake. Lazima umtafutie mwingine wa kumshika mkono. Kioo chao cha nyumbani ni kile cha kunyolea ndevu, kinaonyesha uso tu, na uso wa Kijiti ulikuwa umejaa vizuri. Watu walimwambia amenawiri. Naye aliingiza vidole viwili kati ya kiuno cha suruali na tumbo, akavizungusha, akatabasamu. Niliona anafanya hivyo mara nyingi nikadhani ni mazoea ya mtu asiye na sigara mkononi.

Bi Pindo alichoka. Nasema hivi kwa sababu hakuna aliyemwonea huruma, hata mimi nilichelewa. Mchana alishona za wateja, na katikati ya za wateja akaiba muda wa kufumua za mumewe. Nyumbani alipika kwa wingi, akamtazama akila, akahesabu kimoyomoyo jinsi kiuno kitakavyosogea, kisha akamwongezea kwa sababu akimnyima aliogopa atatoka nje. Akaanza kukosea. Alimshonea mteja mmoja mikono ya shati, yote miwili ya kushoto. Siku akiba ilipokwisha kabisa kwenye suruali za kazini, aliweka kichwa juu ya cherehani akakaa hivyo mpaka nikainuka kumgusa. Akasema hakuna kitu, amechoka tu. Halafu akakata vipande vya pembetatu kutoka kwenye pindo la chini akavitia nyuma ya kiuno, kwenye sehemu inayofunikwa na shati.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikatwa na kampuni. Waliamua walinzi wote wavae sare mpya, za bluu, zilizoshonwa tayari kiwandani. Mtunza stoo akapita anauliza kila mtu saizi yake. Kijiti, akiwa na uhakika wote duniani, akamwambia ishirini na nane. Hakuna aliyebisha, nani atambishia mtu kiuno chake.

Siku sare zilipofika alikuja kwetu saa ya chakula cha mchana. Hajawahi kuja saa hiyo. Alikuwa amevaa suruali ya zamani, na mkononi ana mfuko wa plastiki wenye sare mpya. Hakusalimia. Alikaa kwenye benchi, akaweka mfuko miguuni, na nilipomtazama kifuani nikaona kitu cha pembe nne ndani ya mfuko wa shati. Mtu aliyewahi kuishi na mvutaji anaijua hata gizani ile pembe nne. Bi Pindo naye aliiona. Mguu wake ukasimama kwenye cherehani.

Kijiti alitusimulia mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa ya zamu. Walivalia sare kwenye stoo, wote pamoja. Suruali ilimgomea mapajani. Akadhani wamekosea, akasoma kibandiko, ni ishirini na nane. Wenzake wakaanza kucheka, mmoja akasema Kijiti kimekuwa gogo, na yeye akacheka nao kwa sababu bado alidhani ni kosa la kiwanda. Akainua ile ya zamani aliyoivua ili awaonyeshe kiuno chake halisi. Ilikuwa imegeuka nje ndani. Akaona mshono wa nyuma, na kando ya mshono mistari ya vitundu vya sindano, mmoja baada ya mwingine, kila mahali mshono ulipowahi kuwa kabla haujahamishwa. Akaona na vile vipande vya pembetatu. Amelala na fundi miaka yote hiyo, hakuhitaji kuelezwa.

Nikainuka nikasema nakwenda kununua uzi.

"Kaa, shemeji," akasema. "Na wewe ulikuwa unajua."

Nikakaa.

Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka, maana mtu anayefoka unaweza kumjibu. Alisema kuchekwa si kitu, amechekwa kwa wembamba, atachekwa na kwa unene. Kilichomuuma ni kwamba mke wake amekuwa akiujua mwili wake kuliko yeye, na amemwacha atembee mbele za watu kama kipofu aliyevalishwa nguo kinyume.

Bi Pindo alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema mara mbili ameacha sigara na mara mbili suruali ndiyo iliyomrudisha, kwa hiyo yeye akaamua safari hii suruali isiseme kitu.

"Nesi aliniambia suruali ndiyo mizani yangu," Kijiti akasema.

Mkewe akainua macho.

Akaeleza. Siku ya kutoka hospitali nesi alikaa naye, akamwambia njaa itakuja na asiiogope, uzito kidogo hautamuua kama sigara, lakini aiangalie isimkimbize. Akamuuliza kama ana mizani nyumbani. Hana. Nesi akamwambia basi atumie suruali: kila asubuhi atie vidole viwili kiunoni. Vikiingia, hajambo. Vikianza kubanwa, apunguze mkate na sukari, anywe maji kwanza kabla ya kula, ale karanga za maganda ili mikono ipate kazi na mdomo usubiri, na ashuke kwa miguu kwenda kazini. Hakumwambia mkewe kwa sababu aliona ni jambo dogo, na pia, alisema, aliona aibu, mwanamume mzima kujipima vidole.

"Kila asubuhi vimeingia," akasema. "Kila asubuhi. Nikawa nasema, kumbe ninaweza. Nikawa nakula nikijua napona."

Hapo Bi Pindo alifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anashona, gauni la mtu, la harusi ya mtu. Mimi nilitazama mlangoni. Nimekaa na huyu mwanamke miaka mingi, nimemwona akizika mama yake, sijawahi kuona mabega yake yakitikisika namna ile. Alikuwa ameshona usiku na mchana kumwokoa mtu, na kila mshono ulikuwa unamng'oa yule mtu macho yake ya pekee na kuyatupa.

Alipofunua uso alisema anaogopa. Alisema anaogopa tangu ile hospitali, anaogopa akilala, anaogopa akimsikia anasafisha koo, na mtu mwenye hofu hana akili, anashika chochote kilicho karibu. Kilicho karibu naye kilikuwa sindano.

"Mimi ni fundi, baba," akasema. "Nguo yoyote ikikukataa naweza kuirekebisha. Sanda siwezi. Naomba uvute hiyo iliyo mfukoni nikiwa sipo, kama unavuta. Sina nguvu ya kuona."

Kijiti akapeleka mkono mfukoni, akaitoa pakiti. Ilikuwa bado na karatasi yake ya plastiki, haijafunguliwa, ila imebonyea pembeni, vidole vimeishika sana njiani. Akaitazama. Niliuona mdomo wake unavyomeza mate. Nisidanganye, niliona kabisa kwamba anaitaka, anaitaka kama mtu aliyezama anavyotaka hewa. Halafu akaninyooshea mimi.

"Shemeji, nitupie. Usitupe kwenye ndoo ya hapa, nitairudia."

Nikaipeleka choo cha nyuma. Nilizivunja moja moja kwanza, kwa hasira, sijui hasira ya nani, kisha nikamwaga maji.

Niliporudi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameitanua, na Bi Pindo anamzungushia utepe kiunoni. Sikumbuki kama alishawahi kumpima hivyo mbele ya mtu. Akasoma namba kwa kunong'ona. Mumewe akamwambia aseme kwa sauti. Akasema. Ilikuwa namba kubwa, na Kijiti alipoisikia alifumba macho kidogo kama mtu anayemezeshwa dawa chungu, kisha akafumbua.

Akauliza kama ile sare mpya inaweza kupanuliwa. Bi Pindo akaigeuza, akamwonyesha: nguo za kiwandani hazina akiba, mshono umekatwa ukingoni kabisa. Njia ni moja, kufumua pande zote mbili kutoka kiunoni hadi chini na kutia ukanda wa kitambaa kingine. Na kitambaa cha bluu ile hakuna, bluu tuliyo nayo imepauka. Kila atakayeingia benki ataiona.

"Acha ionekane," Kijiti akasema.

Akavua, akajifunga kanga ya mkewe, akakaa kwenye benchi kusubiri. Nilimkatia upande mmoja, Bi Pindo akakata mwingine, tukashona pamoja bila maneno mengi. Njaa ilimshika tukiwa katikati. Niliijua kwa jinsi goti lake lilivyoanza kucheza. Akaangalia sehemu tunapoweka mkate. Bi Pindo aliona, akainuka nusu, kisha akajilazimisha kukaa tena, akamsogezea chupa ya maji. Akanywa. Akaomba ashikishwe kazi yoyote. Nikampa mkebe wa vifungo vilivyochanganyika avitenganishe, naye akavitenganisha kwa uzito wa mtu anayelinda benki.

Suruali ilipokwisha aliivaa. Ilimkaa. Ukanda uliopauka ulishuka ubavuni kila upande, wazi kama barabara. Alitia vidole viwili kiunoni kwa mazoea, kisha akavitoa akamtazama mkewe.

"Nikizidi kunenepa?"

"Nitakwambia."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo, baba. Nitakwambia kabla sijashika wembe."

Akatikisa kichwa kukubali. Zamu ya mchana ilikuwa imeshaanza na alikuwa amechelewa, kwa hiyo alichukua kofia yake akaondoka kwa miguu. Bi Pindo alisimama mlangoni kwangu, mahali penye mwanga, akamtazama mpaka alipokata kona na zile bluu zake mbili, nami nikajua anahesabu hatua zake, kama atapita moja kwa moja au atasimama kwenye kibanda cha sigara. Kibanda kiko baada ya kona. Kutoka hapa hakionekani.